Sarafu ya Daraja Tupu

Asubuhi ile Mchongaji alikuwa anachonga mto. Alikuwa ameinamia sahani ya plasta yenye upana wa ungo, akikwangua kiwimbi kimoja kimoja kwa patasi nyembamba, kisha anapuliza vumbi, anapitisha brashi, anainama tena. Mto ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu upande wa chini, pale ambapo baadaye ingekaa thamani ya sarafu. Juu ya mto lilisimama daraja, na juu ya daraja walikuwa watu.

Sarafu huanza hivyo, ikiwa kubwa. Mtu anaichonga kwenye plasta ili aone anachokifanya, halafu mashine inaipapasa ile sahani kwa sindano upande mmoja, na upande wa pili inakwangua mfano wake mdogo kwenye chuma, mdogo wa kutosha kufunikwa na kidole gumba. Chuma hicho ndicho kinachopiga chapa. Kosa likipita kwenye plasta limepita kwenye sarafu zote, na haliwezi kuitwa lirudi. Kwa hiyo karakana ya kiwanda cha sarafu ilikuwa na kanuni moja ambayo kila mgeni aliambiwa kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi: umbo likikataliwa, kwangua mpaka chini kabisa na uanze upya, usilifukie. Plasta ya leo haikai vizuri juu ya plasta ya jana. Kila mtu pale aliijua kanuni hiyo, na Mchongaji ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya kuadhimisha robo karne ya daraja kubwa. Serikali haikutaka kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Ilitaka sarafu ya matumizi, ile ndogo ya kununulia kiberiti, ili kila mwananchi, kama tangazo lilivyosema, atembee na daraja lake mfukoni. Wananchi wengi walikuwa hawana kitu kingine cha kutembea nacho mfukoni, kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

Mchongaji aliwaweka watu darajani kwa sababu daraja lilijengwa na watu. Aliwachonga na mabeleshi na matoroli, na karibu na nguzo ya katikati alimchonga kijana mmoja mwembamba, aliyesimama wima kupita wenzake. Huyo alikuwa kaka yake. Nyumbani na kazini walimwita Msumari, na hata mama yake mzazi, akimkasirikia, alimwita Msumari.

Msumari alikwenda kazini darajani siku moja na hakurudi. Wenzake wa zamu ile nao hawakurudi. Jioni yake mtaa mzima ulisikia kishindo kutoka mtoni, na kesho yake nguzo ya katikati ilikuwa imemaliza kumwagwa zege, imesimama safi kabisa. Halafu akaja nyapara, kijana mwenye adabu na viatu vilivyong'aa, akapita nyumba kwa nyumba. Alisema vijana wametoroka kazi, pengine wamepata kazi nyingine yenye malipo mazuri zaidi, vijana ndivyo walivyo. Aliuliza kama Msumari ameacha zile buti za kampuni. Mama alimjibu kwamba mwanawe aliondoka nazo miguuni. Nyapara akasikitika kwa hilo, akaandika, akaaga.

Tangu hapo Msumari alikuwa mtoro aliyeondoka na buti, na mtoro hakai mtu akamlilia. Majirani hawakujua waje na pole au wasije, basi wakawa wanapita mbali kidogo na mlango. Kibaya zaidi, mtu aliyetoroka huonekana. Mmoja alimwona Msumari kwenye mgodi, mwingine alimwona juu ya lori la mbao, mwingine alimwona baa akiwa amenenepa. Kila alipoonekana, mama yake alifunga kanga mbili kwenye mfuko, akapanda basi, akaenda. Alirudi kila mara akiwa peke yake, akasema tu kwamba huyo hakuwa yeye. Miguu yake ilizeeka kwenye safari hizo, macho yakaingia ukungu, na binti yake akakua akijifunza kuchora mbele ya nyumba, mahali ambapo angeweza kuona kama kuna mtu anakuja.

Kamati ya sarafu ilikuwa na wajumbe wengi kuliko viti. Walikaa kuizunguka ile sahani ya plasta na vikombe vyao vya chai, wakaiangalia. Aliyesema kwanza alikuwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Daraja, mtu mzima sasa, mwenye kitambi cha heshima na viatu vinavyong'aa vile vile.

"Kazi nzuri," alisema. "Mkono wako mwepesi kweli. Ila hawa watu ndio wananitatiza."

"Ndio waliolijenga," alisema Mchongaji.

"Najua, dada yangu. Nilikuwepo." Alikunywa chai kidogo. "Lakini watu wanapitwa na wakati. Leo wana kofia hizi, kesho kofia nyingine. Daraja ni daraja. Tuliache lipumue."

Mjumbe mwingine alisema kwamba watu wanaifanya sarafu ionekane imejaa. Wa tatu aliuliza kama hawa wanalipwa kwa picha zao, wakacheka kidogo, wakakubaliana. Mchongaji angeweza kusema neno. Alikuwa nalo mdomoni, alikuwa nalo tangu utotoni. Lakini alikuwa na kodi ya nyumba, na mama asiyeona vizuri, na kazi ambayo nchi nzima inafanywa katika chumba kimoja tu. Alisema sawa, akabeba sahani yake, na njia nzima ya kurudi karakana alijichukia.

Alikaa mezani akashika patasi. Akaiweka kwenye uso wa kaka yake, na mkono haukusogea. Alijaribu kwa mtu wa toroli, ikawa vile vile, kwa sababu naye alikuwa kaka wa mtu. Mwisho alikoroga plasta nyepesi kwenye bakuli na kuanza kuwamwagia. Msumari aliachwa mpaka mwisho. Plasta laini humwagwa kuanzia chini, kwa hiyo alimfunika kwanza miguu, halafu kiuno, halafu kifua, halafu uso. Kisha akasawazisha kwa kipande cha bati mpaka daraja likawa tupu na zuri, akaenda kunawa mikono.

Sarafu ilizinduliwa juu ya daraja lenyewe. Wakubwa walipewa za kwao kwenye visanduku vyenye kitambaa laini ndani, na hotuba zikasomwa, na upepo ukachukua karatasi ya hotuba mojawapo bila mtu yeyote kupungukiwa na kitu. Wananchi hawakupewa. Wao walizipata siku zilizofuata, kwenye chenji.

Wa kwanza kuwaona watu alikuwa muuza mkaa wa mtaani kwa kina Mchongaji. Vumbi la mkaa ni msasa mzuri, na vidole vyake vilikuwa nalo muda wote. Alikuwa akihesabu chenji akaona kwamba kwenye sarafu moja kuna kichwa cha mtu, na kofia, kimetokeza juu ya daraja hadi mabegani. Akampa mteja.

"Hii ina mtu," alisema mteja.

"Ndiyo," alisema muuza mkaa. "Jana niliona yenye wawili. Nikufungie kwenye mfuko au una ndoo?"

Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa anajua. Sarafu ikiwa mpya daraja lilikuwa tupu, lakini ikishikwashikwa, plasta ile ambayo chuma hakikupaswa kuijua ilianza kulika, na watu wakatoka. Walianza vichwa, halafu vifua, halafu miguu na mabeleshi. Kwa wauza nyanya walitoka haraka, kwa mafundi baiskeli haraka zaidi, kwa sababu ya grisi na mchanga. Wakishatoka wote walifanya kazi. Ukiiangalia sarafu asubuhi toroli lilikuwa upande huu, ukiiangalia jioni lilikuwa upande ule. Watoto waliulizana shuleni nani ana nani. Watu waliokaa foleni zahanati walizitoa mifukoni kupoteza muda, wakaonyeshana, wakazirudisha.

Zile za kwenye visanduku hazikushikwa na mtu, basi zilibaki kama zilivyozaliwa. Wakubwa walipoulizwa kuhusu watu walisema hawajaona mtu yeyote, na walikuwa wakisema kweli.

Benki ilitoa tangazo redioni, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya mpira. Ilisema kwamba sarafu zenye watu na sarafu zisizo na watu ni halali kwa malipo sawasawa, kwamba watu waliomo hawaongezi wala hawapunguzi thamani, na kwamba wananchi wanashauriwa kutozishikashika. Baada ya hapo mambo yalitulia.

Kiwandani, mkuu wa karakana alimwita Mchongaji pembeni. Alikuwa mzee mtaratibu, na alionekana amekereka.

"Ulifukia?"

"Nilifukia."

"Kanuni unaijua?"

"Naijua."

"Basi usirudie. Wanafunzi wanaangalia." Akarudi kwenye mashine yake, na hilo likaishia hapo.

Mama yake Mchongaji alipata habari kwa muuza mkaa, ambaye alidhani anazo tayari. Alimtuma binti yake amletee sarafu mpya kabisa, isiyoshikwa, akaiweka kwenye kiganja na kuanza kuisugua kwa kidole gumba. Aliisugua akichagua maharage, aliisugua akisikiliza redio, aliisugua akizungumza na watu. Macho yake hayakuwa ya kuona kitu kidogo namna ile, lakini kidole chake kilikuwa kimechagua mchele na mawe maisha yake yote.

"Katoka," alisema siku moja.

"Nani?"

"Kaka yako. Hebu shika."

Mchongaji alichukua lenzi yake ya kazi. Msumari alikuwa pale karibu na nguzo ya katikati, kijana vile vile, mdogo kuliko dada yake sasa, ameegemea beleshi akimwambia mwenzake jambo fulani, na mwenzake alikuwa anacheka. Alikuwa na buti miguuni. Mchongaji aliangalia mpaka shingo ikamuuma, na moyo wake ukawa mzito na mwepesi kwa pamoja.

Mama hakulia. Alisema, "Nilikwenda mpaka kule mgodini kumtafuta. Nikarudi, nikaenda tena. Kumbe hakutoka hapa."

Halafu akasema anataka kitu kimoja tu kabla naye hajaondoka: mwanawe aandikwe amekufa. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka apate kumlilia mbele za watu, na watu waje. Akasema waende kwa Mkurugenzi.

Walipokelewa vizuri. Mkurugenzi alimvutia mama kiti mwenyewe, akaagiza chai, akauliza habari za nyumbani. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama daraja, na mezani kulikuwa na kisanduku chake cha sarafu, kimefunguliwa, daraja tupu linang'aa juu ya kitambaa. Alipokea sarafu ya mama kwa mikono miwili. Akaomba lenzi ya Mchongaji, akaangalia kwa makini.

"Ndiye," alisema. "Namkumbuka. Alikuwa kijana mcheshi sana huyu."

"Nataka uandike amekufa," alisema mama.

"Mama yangu, angalia mwenyewe. Yuko kazini."

"Mwanangu amekufa."

"Mtu aliyekufa hashiki beleshi, mama."

Mchongaji alisema kwamba muuza mkaa ana sarafu iliyochakaa zaidi, na kwenye hiyo mbao za jukwaa la ujenzi zimeanza kuvunjika na vijana wanaanguka. Mkurugenzi alitikisa kichwa, akasema ameziona hizo, dereva wake anayo moja.

"Lakini kuanguka si kufa, dada yangu. Watu wanaanguka, wanainuka. Sisi hapa hatuandiki tusichokiona." Akamgeukia karani aliyekuwa mlangoni. "Huyu kijana, pale tulipoweka mtoro, weka yuko kazini. Na zile buti zimeonekana. Zifute."

Karani akaandika. Mkurugenzi akamshika mama mkono kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mkali, hajawahi kuwa. "Lile suala la buti limekwisha kabisa, mama. Lilikuwa linanisumbua na mimi."

Mama alimaliza chai yake, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri. Nje, kwenye ngazi, alisema, "Basi tutawaonyesha akifa."

Mchongaji alijua maana ya jambo hilo kuliko mtu yeyote. Sarafu ikishikwa watu wanatoka, ikizidi kushikwa wanafanya kazi, ikizidi tena wanaanguka, na ikizidi hapo inalika kabisa. Hakuna njia ya kuisugua irudi nyuma. Alimwambia mama yake waache hapo. Wanaye, anacheka, ana beleshi lake, wamweke kwenye kabati wamtazame sikukuu. Alimwomba karibu kulia.

"Unajua unampeleka wapi?" alisema.

"Najua." Mama alikuwa ameshaanza kusugua. "Nilimpeleka kliniki, nilimpeleka shule. Na huko nitampeleka mwenyewe."

Muuza mkaa alileta vumbi laini la chini ya gunia, bure, kwenye karatasi. Mama aliliweka kidogo kidogo kwenye kidole. Ilikuwa msimu wa mvua, na wote wawili walikaa ndani, mama kwenye mkeka na binti kwenye kigoda, lenzi mkononi, akimsimulia kile ambacho kidole hakikuweza kukisema. Toroli limepita. Wanapanda jukwaani. Msumari anampigia mtu mluzi. Kuna ubao mmoja wa chini umepinda, na kuna kijana anauonyesha, na wanaendelea kupanda.

Jioni moja kidole cha mama kilisimama. Akaanza tena, polepole sana. Mchongaji aliinama akaona mbao zimeachana, na vijana wote wa zamu ile wanaingia ndani ya nguzo ambayo ilikuwa bado tumbo wazi, yenye zege hadi katikati. Msumari alikuwa amezama kiunoni, mikono yake yote miwili juu. Hakuwa amekufa. Alikuwa anazungumza na watu walioko juu.

Na juu kulikuwa na mtu ambaye Mchongaji hakumchonga. Hakumweka kwenye plasta, hakumfukia, hakuwahi hata kumfikiria. Alikuwa amesimama ukingoni na viatu visivyo na tope, amenyoosha kidole kuelekea kwenye toroli la zege, na wale wenye toroli walikuwa wanamtazama yeye.

"Kuna mtu anaonyesha kwa kidole," alisema mama.

"Yupo."

"Anaonyesha nini?"

Zege likamwagwa. Zege likikorogwa halingoji, kila anayejenga anajua hivyo, na mtu akitaka sababu hiyo ni sababu. Liliingia kwanza kifuani, halafu mabegani. Mama aliendelea kusugua kwa sababu kuacha pale kungekuwa ni kumwacha katikati. Alisugua mpaka chini ya kidole hapakuwa na kitu chochote, si mikono, si toroli, si yule mwenye kidole. Ndipo akafungua kiganja. Lilikuwa limebaki daraja, laini, tupu, limechakaa kidogo pembeni.

Alilia kidogo usiku huo, kwa sauti ya chini, kwa sababu bado ilikuwa hairuhusiwi.

Mkurugenzi aliwapokea tena, na kiti kikavutwa tena. Aliangalia sarafu kwa lenzi upande mmoja na upande wa pili, akaigeuzageuza dirishani. Kisha akaiweka mezani, karibu na ile ya kwenye kisanduku, na isingekuwa kung'aa, zingekuwa sawa.

"Hapa hakuna mtu, mama."

"Amekufa. Nimemshika akifa kwa kidole changu hiki."

"Sikatai. Ila mimi naona daraja. Zuri tu."

"Na wewe ulikuwemo," alisema mama. "Umenyoosha kidole."

"Nilikuwepo, mama. Sijawahi kukataa kwamba nilikuwepo." Alimgeukia karani. "Huyu kijana tulimweka wapi?"

"Yuko kazini, mkuu."

"Sasa hayupo."

Karani alingoja, kalamu mkononi. "Niandikeje?"

"Mtu alikuwa kazini, sasa hayupo kazini, na hakuaga. Andika kama mwanzo."

"Na buti?"

Mkurugenzi alifikiri kidogo, akamtazama mama kwa huruma. "Kama mwanzo," alisema.

Walipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akasimama kidogo akishika ukuta. Kisha akamwambia binti yake, "Tandika mkeka pale nje. Pika uji. Waambie watu mwanangu amekufa."

"Na ofisini?"

"Ofisini hawajamzaa."

Mchongaji alitandika mkeka. Alizunguka mtaa kutoa habari, na hakuna aliyemuuliza Msumari amekufa lini, kwa sababu kila mtu alikuwa amemwona mfukoni mwake. Muuza mkaa alifunga banda lake mapema. Walikuja wale waliomwona mgodini na wale waliomwona baa, wakaketi na kuinamisha vichwa, na mmoja wao akaomba radhi. Mama alikaa katikati amejifunika kanga, na kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya kishindo alilia kwa sauti, akimtaja mwanawe kwa jina lake lile la utani, na wanawake wakaitikia. Mchongaji alisimama mlangoni akisikiliza. Alihisi kifua kinafunguka, na alidhani kwamba labda hii inatosha, labda mambo mengine hayana haja ya kuandikwa.

Halafu watu wakaanza kutoa rambirambi. Sinia liliwekwa mbele ya mama, na kila aliyekuja kumpa mkono aliacha kidogo alichokuwa nacho. Watu wa mtaa ule hawakuwa na noti. Sinia lilijaa sarafu ndogo, zile za kiberiti, zote za daraja.

Mama alinyoosha mkono kupapasa, kama afanyavyo mtu asiyeona vizuri, akachukua moja. Kwenye hiyo Msumari alikuwa ametokeza hadi mabegani. Akachukua nyingine, alikuwa anapiga mluzi. Kwenye nyingine alikuwa anaegemea beleshi na mwenzake anacheka, kwenye nyingine anapanda jukwaa, kwenye nyingine amezama kiunoni na mikono iko juu. Mama aliacha kulia. Aliingiza mikono yote miwili kwenye sinia akawa anamtafuta humo, na kila alipomgusa alikuwa hai, na kila alipomgusa alimsogeza mbele kidogo. Alipolitambua hilo alitoa mikono haraka akaificha kwapani.

"Mwanangu," alimwita binti yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Niangalizie kama kuna mpya."

Mchongaji alipiga magoti akatafuta. Ilikuwepo moja, chini kabisa, inang'aa, daraja tupu na mto wake wenye viwimbi alivyochonga mwenyewe. Aliichukua kwa pembeni, kwa kucha, kama wanavyozishika kiwandani.

"Humu hajatoka?"

"Bado, mama."

"Basi huyo bado kalala. Kamweke mahali. Asimshike mtu."

Mchongaji aliifunga kwenye kitambaa, akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya kabati, mbali na ukingo. Alipotoka waombolezaji walikuwa bado wanakuja. Walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi barabarani, watu wema, wamenyamaza kwa heshima, na kila mmoja alikuwa ameshika sarafu yake mkononi, na katika kungoja zamu yake alikuwa anaisugua kwa kidole gumba.